Nyongo Hutolewa Kwanza

Jumanne, tarehe nne Februari, saa tisa na dakika ishirini alasiri, wakanipigia simu kutoka wodini, mke wangu Nuria amefariki, na leo ni siku ya saba, mbuzi wa sadaka ananing'inia, ini lake liko mkononi mwangu, na Sadik, kaka yake Nuria, anasema, "Toa nyongo kwanza, shemeji, ikipasuka utatulisha shubiri," kana kwamba mimi sijui, mimi ninayechinja tangu sijaota ndevu, mfugaji yupi asiyejua kwamba nyongo haingojwi, ila daktari yule mwenye kalamu tatu mfukoni, yeye hakujua, akasema mfuko wa nyongo wa mke wangu una mawe na umevimba, tukipasua sasa damu yaweza kuwa nyingi, mrudishe nyumbani, wiki sita, upoe... upoe, kama chai, na Nuria akarudi Garsen akaacha nyama, akaacha samli, akaacha hata maziwa, mke wa Muorma, mke wa mfugaji, anakunywa chai kavu, na wiki ya nne macho yakawa manjano, homa, ule mfuko ukapasukia ndani, na daktari wa pili, mwanamke, akaniuliza polepole, "Mzee, mbona hakupasuliwa zile siku za kwanza?" na tangu hapo kila nikisujudu namlaani yule wa kalamu, Mungu anisamehe, namlaani... "Shemeji, mbona wakawia, au mbuzi kakuuma?" wanacheka kidogo, kicheko cha matangani, kisu kimefika penye kijani, ngozi nyembamba kama kope, polepole... lakini yule wa kalamu hakusema mrudishe, aliuliza, hili Sadik hajui, hakuna ajuaye, aliuliza, kesho au wiki sita, kesho twaweza, hatari ipo ila si kubwa, amueni, na Nuria akanigeukia, ameshika ubavu, "Baba Halima, wewe waonaje?" nami katika maneno yote nilisikia hatari tu, nikasema tungoje, na sahihi kwenye ile karatasi ya kukubali kungoja ni yangu, kalamu ni moja kati ya zile tatu, alinipa yeye... "Basi nipe mimi," asema Sadik, simpi, nyongo imetoka nzima, iko kiganjani, bado ina joto, wananingoja niitupe, Ewe Mola, Nuria aliniuliza nami nikamjibu vibaya, usimuulize Wewe jambo zito, mpanulie kaburi, mpe maziwa aliyoyaacha, umrehemu, amin.