O ya Tatu

Ukuta mmoja ulitokea mara mbili kwenye pazia la projekta, na darasa zima likageuza shingo kunitazama mimi.

Ulikuwa ukuta wa kiwanda cha magodoro, ulioandikwa MAGODORO kwa rangi ya buluu, kila herufi ndefu kuliko mlango. Kushoto mwa pazia ilikuwa tovuti yangu, ukurasa wa Kazi Zangu. Kulia, ya binti mmoja fundi cherehani, ukurasa wa Kuhusu Mimi. Chini ya picha yake aliandika: "Huu aliuandika baba. Kwake nilijifunza kupenda mstari ulionyooka." Chini ya yangu nilikuwa nimeandika: "Kazi ya mikono yangu, peke yangu, siku tatu bila kushuka."

"Mzee wangu," mwalimu akasema kwa upole, "hapa pana mgongano. Ukuta ni wa nani?"

Nilikuwa na miaka sitini na saba. Vijana kumi na wanne walikuja kujifunza kutengeneza tovuti za kuonyesha kazi zao ili wapate ajira. Mimi mchora mabango mstaafu nilikuja kwa sababu nyumbani nilibaki na redio tu, na redio ukiitania haicheki. Wale walicheka. Niliwaambia kwamba niliwahi kuandika namba kwenye bawa la ndege ikiwa inapaa, na kwamba paka niliyemchora kwenye duka la maziwa aliwahamisha panya wa mtaa mzima. "Babu kaanza kamba zake!" walipiga kelele, huku wanasogeza viti karibu. Kuandika sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kuchungulia. Uongo nao vilevile.

Shida ilikuja tulipoambiwa tuweke picha za kazi zetu. Kuta zangu zote zilishapakwa upya au kubomolewa. Uliobaki umesimama ni ule mmoja, na ule ulikuwa wa Mstari.

Tulimwita Mstari kwa sababu hakujua rula ni kitu gani. Alivuta pumzi, akashusha brashi, na mstari ukatoka umenyooka kama uzi wenye jiwe. Kwa miaka minane nilimchanganyia rangi na kumshikia ngazi. Siku ya ukuta ule wa magodoro alikuwa ameshamaliza herufi saba, zikiwemo O mbili za duara kamili. Kabla ya kuanza ya tatu akarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake, kama tunavyofanya sote wa kazi hii. Tukiwa chini, hatua hiyo haina neno. Yeye alikuwa juu, na jukwaa lilikuwa limeishia pale.

Kesho yake mwenye kiwanda alitaka neno lake liishe. Nikapanda mimi, mkono mmoja nimeng'ang'ania jukwaa, nikachora O ya tatu. Imekaa kama yai lililokaliwa.

Binti wa Mstari nilimwona mara moja tu, msibani, akiwa amebebwa mgongoni. Darasani tulikaa naye miezi miwili sikumtambua. Pale kwenye pazia, niliposoma neno "baba", ndipo nilipomjua.

Alisimama, mikono nyuma. "Babu, samahani. Kama mkono ni wako, mbona O ya mwisho haifanani na zile mbili?"

Mwalimu akaikuza picha. O yangu ikajaa pazia zima, imepinda, inachuruzika.

Kusema kweli kulihitaji maneno mawili: si wangu. Niliyahisi ulimini. Lakini darasa zima lilikuwa limeshaanza kutabasamu, likinisubiri, na mdomo wangu haujawahi kufungwa breki.

"Nyuki!" nikasema. "Nimefika O ya mwisho, nyuki hao! Mmoja kaingia kwenye suruali. Mkono mmoja nachora, wa pili uko vitani huko chini! Mwisho nikaona heri nusu shari, nikajiachia toka juu, pu! Nikadondokea wapi? Kwenye magodoro!"

Wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya meza. Mwalimu alivua miwani kufuta machozi.

Binti aliketi, akabofya mara mbili. Upande wa kulia wa pazia ukawa mweupe.

"Nimeuondoa, mwalimu," akasema. "Sibishani na mtu mzima."

Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Nilipewa cheti, nikapigiwa makofi, nikakitia kabatini bila kukitazama. Kisha nikamwomba mwalimu anifungulie tena ukurasa wangu. Sentensi moja ilinichukua asubuhi nzima, maana kila nikimaliza naikuta imeota mkia. Hatimaye ikatulia: "Ukuta huu ni kazi ya Mstari, aliyeanguka hapa akafa. Mimi nilichora O ya tatu tu."

Nikaibeba kwenye simu mpaka barazani anakoshonea yule binti. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akanisalimia shikamoo kama kawaida, akasoma.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa naye."

"Ni mimi, mwanangu."

"Na siku ile darasani ulishanijua?"

"Nilishakujua."

Aliugeuza upindo wa gauni mezani, akaunyoosha kwa kiganja. "Ukuta ungeuchukua tu, babu. Nisingekufa. Lakini walicheka. Ulisema umeanguka, wakacheka, na mimi nimekaa palepale."

Nilitafuta pa kuweka mikono yangu.

"Baba alisema nini alipoanguka?" akauliza. "Mama anatuambia hakusema kitu."

"Alisema. Nilipomfikia alikuwa anaitazama ndoo. Akaniambia, 'Funika rangi, itakauka.' Nikaenda nikaifunika. Niliporudi, alikuwa ameshaondoka."

Alinikazia macho mdomoni.

"Ni kweli hiyo, babu?"

"Ni kweli."

Bado akanitazama, akingoja mkia. Sikuwa na la kuongeza.