Kiboko cha Saa Nne

Nekoye alimaliza kukama, akafunika maziwa kwa kitambaa, akavua sweta aliyofumiwa na bintiye Lorna ili isije ikachanika, kisha akaenda kusimama barabarani apigwe. Ilikuwa inakaribia saa nne. Jirani yake Jerono alikuwa tayari mahali pake karibu na kalvati, kikombe cha chai mkononi. Jerono hupokea makofi tu, kwa kuwa aliyepigwa pale zamani alikuwa nyanya yake, na nyapara aliyesimamia ujenzi wa barabara hiyo hakuwa mtu wa kuwachapa wanawake kiboko.

Kiboko kilikuja kwa wakati wake, bila mtu wa kukishika. Kilimpata Nekoye mabegani, kikarudi kiunoni, kikachana ngozi pale pale ilipochanika jana. Aliuma upindo wa leso mpaka kikachoka. Kisha alijiosha kwa maji ya chumvi, akavaa sweta yake, akapeleka maziwa Kitale.

Barabara yenyewe ilianzwa na mzungu mmoja mwenye mashamba huku na ghala la mahindi kule Bungoma, mtu wa hasira za karibu. Alichukia kukutana na mikokoteni ya ng'ombe. Akataka barabara mbili sambamba, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ukanda wa nyasi katikati, vile alivyoona ng'ambo. Watu walitolewa Mlima Elgon na Cherangany kuja kuponda mawe kwa nyundo. Haikufika popote. Vita vikaja, mzungu akaenda zake, na mpaka leo barabara mbili za mawe hutoka ndani ya miti ya miwati, huenda bega kwa bega hadi kwenye kalvati, kisha huishia katikati ya mahindi. Limebaki pia jiwe moja lililochongwa jina la Bungoma na mshale.

Babu yake Nekoye aliponda mawe upande wa kwenda. Siku moja, saa nne, aliketi anywe maji. Nyapara alimchapa mpaka akaanguka, akaendelea kumchapa pale chini, na kwa kuwa mzungu alikuwa njiani kuja kukagua, walimfukia kwa kokoto wakapitisha rola. Alikuwa bado anahema. Nyapara huyo hakutoka ng'ambo. Alizungumza lugha ile ile ya mtu aliyemfukia. Mzungu alipoondoka, alimwachia shamba la pande zote mbili.

Tangu hapo kiboko hakijaacha kazi. Asiposimama mtu wa ukoo kukipokea, humshukia babu mwenyewe huko chini. Kokoto huinuka na kushuka, na yeye hulia kilio kinachofanya ng'ombe wafunge maziwa. Kwa hiyo watu husimama. Mzee Wepukhulu, babake Nekoye, alisimama tangu ujana hadi mgongo wake ulipokataa kunyooka. Watoto na wajukuu wa waponda mawe walijenga kwenye ukanda wa katikati, kwa kuwa hapo ni karibu na kiboko, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapa mahali pengine.

Mwaka wa 2006, Bwana Sitati, mjukuu wa nyapara, aliamua kuunganisha mashamba yake alime mahindi ya mbegu. Alileta tingatinga na vijana wenye rungu. Walianza kwa Jerono. Mumewe, Kipruto, alishika fremu ya mlango akakataa kutoka, wakamvunja mkono wa kulia, wakamweka kando kwenye nyasi, wakaendelea na nyumba. Mfupa ulikuwa umetokeza nje. Alipelekwa hospitali ya Lugulu amelala juu ya magunia.

Nekoye alimfuata Bwana Sitati kwenye gari lake.

"Bwana Sitati, kuja kesho saa nne usimame kwa ile nafasi ya babu yangu. Mara moja tu. Ukitoka hapo na bado unataka huu ukanda, mimi mwenyewe nitabomoa nyumba yangu."

"Ati nisimame nipigwe?"

"Si sisi tunapigwa kila siku, na bado tuko?"

Bwana Sitati alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda isemwe kwamba aliogopa. Alikubali.

Jioni Mzee Wepukhulu alisikiliza habari hiyo akiwa amelala kifudifudi, jinsi alivyozoea. "Papa, kesho ataonja," Nekoye alimwambia.

"Hiyo kiboko inajua watu wake," mzee alisema. "Rakini sawa, mjaribu."

Nekoye alitaka kuona shati jeupe la Bwana Sitati likichanika. Wakati huo alilitaka hilo kuliko hata nyumba yake, wala hakuona haya.

Bwana Sitati alifika mapema, akasimama juu ya babu, miguu pamoja. Watu wa ukanda walijipanga kando. Nekoye alisogea karibu kabisa ili aone vizuri. Saa nne ilipotimu, kiboko kilisikika kikija, kikafika juu ya kichwa cha Bwana Sitati, kikasimama. Kisha kilishuka polepole, mpini mbele, kikalala kwenye kiganja chake. Sasa kilionekana: ngozi nyeusi iliyokauka, mpini umezungushiwa waya.

"Ni ya guka, babu yangu," alisema Bwana Sitati. "Nyumbani nilikuwa naisikia tu."

Vidole vilijifunga, mkono ukapanda. Pigo la kwanza lilimkata Nekoye usoni likaondoka na jicho la kushoto.

"Samahani, mama. Huu mkono unajiendea," alisema Bwana Sitati, akampiga tena. Alikuwa na nguvu kuliko kiboko kilipokuwa peke yake, na hakujua mahali ambapo kwa kawaida kilikoma. Chini ya kokoto babu alikuwa kimya. Alikuwa amemtambua mjukuu wa nyapara.

Bwana Sitati bado aliutaka ukanda. Nekoye alikuwa ameahidi, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Mchana alifunga jicho kwa leso, akang'oa mabati yake moja moja. Uchungu wa jicho aliuweza. Wa mabati ulimliza. Mzee Wepukhulu alitolewa nje pamoja na kitanda chake, akilalamikia jua.

Ua ulizungushwa pande zote. Wengine walienda Myanga kwa ndugu, Nekoye akapanga chumba Kitale, nyuma ya msikiti. Baada ya muda bega la Bwana Sitati lilianza kumsumbua, akatangaza kazi ya kulinda geti na kushika kiboko. Walioomba walikuwa wengi. Aliyeipata ni Kipruto, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umepona vizuri na alizijua nafasi za watu wote. Alikataa kitu kimoja tu, kumpiga mkewe, kwa hiyo makofi ya Jerono yaliachwa yaje yenyewe.

Nekoye huja kila asubuhi, maana asipokuja, babu atalia. Kipruto humsimamisha getini na kumuuliza swali aliloagizwa.

"Mama Lorna, umekuja kupigwa, ama umekuja mambo ya shamba?"

"Kupigwa," hujibu Nekoye, huku akivua sweta, na anafunguliwa.