Mashahidi wa Chini ya Jiwe

Jumamosi ile, kijito cha nyuma ya shule yetu ya bweni karibu na Nkubu kiliamka na povu jeupe la kufika magotini. Mimi, Marete, mwanachama mwaminifu wa klabu ya kujitolea kupima afya ya vijito, nililitazama kwa huzuni ya raia mwema. Wenzangu hawakulitazama povu. Walinitazama mimi.

"Madam, ni huyu," alisema Mwirigi, mwenyekiti wa klabu. "Jana alikuwa na pakiti nzima ya sabuni ya unga. Leo haipo."

Madam Nkirote, mlezi wetu, akanigeukia. "Marete, sabuni iko wapi?"

Sabuni nilikuwa nimeitia kwenye mkebe wa glukosi. Bwenini kulikuwa na mtu aliyekuwa akilamba glukosi yangu kisirisiri, nami nilitaka mdomo wake umtaje. Asubuhi hiyo mkebe ukatoweka. Sasa jaribu kumweleza hayo mwalimu aliyekuta chura kwenye boksi la chaki juzi tu.

"Imeibwa, Madam."

"Halafu mwizi akaja kuufua mto?" Mwirigi alicheka. "Kijana, panga sanduku."

Madam hakucheka. "Watu wa Mitunguu wanamwagilia ndizi zao kwa maji haya. Kama umekiua kijito, Jumatatu utarudi na mama yako."

Mama analima viazi Ruiri, na akinikemea jikoni, majirani wa ng'ambo huacha kulima wasikilize. Niliogopa kwelikweli. Tena, bila utani, kijito chenyewe nilikuwa nimekizoea. Kila Jumamosi ni mimi ninayesukumwa kwenye maji baridi.

"Madam, tupime kwanza," nikasihi. "Kama ni sabuni, wale wa mikia mitatu watakuwa wamekufa."

Hao ni wadudu wachanga wanaojishikilia chini ya mawe. Maji yakichafuka, wao hutangulia kufa. Madam akakubali. Mwirigi akashika wavu, mimi nikageuza mawe na kuvuruga changarawe kwa miguu, kisha tukamwaga kila kilichonaswa kwenye beseni jeupe.

Jani. Jani lingine. Vijiti. Nikaanza kutunga salamu za kumpa mama.

Ndipo kijiti kimoja kikatembea.

"Mikia mitatu!" nilipiga kelele.

Akafuata mwingine, na mwingine, hadi beseni zima likawa linachezacheza. Kaa mdogo akajitokeza, akakibana kidole cha mwenyekiti.

Madam akachota povu, akalinusa. "Hili linanuka majani yaliyooza. Mvua ya jana imeyasomba na maporomoko yakayakoroga. Kijito ni kizima." Akashusha pumzi ndefu. "Na wewe umepona, Marete. Kwa leo."

Niliketi juu ya jiwe, ndani ya maji, na sare yangu yote, nikacheka peke yangu. Sijawahi kuwapenda wadudu kiasi kile.

Hata Mwirigi alionekana kutuliwa mzigo. "Basi pole, ndugu yangu," akasema. Kisha akatupa mgongo, akachomoa mkebe mfukoni mwa koti, akajimiminia kinywani haraka haraka, kama mtu anayejipongeza.

Alipogeuka, macho yalikuwa yamemtoka na povu lilikuwa likimtiririka hadi kwenye tai. Hili halikunuka majani.

"Madam," nikasema kwa heshima zote, "sabuni yangu imepatikana."