Vijiwe vya Pindoni

Mtaa ule wa ufukweni ulikuwa ukihama polepole, kama mtu anayetoka chumbani asitake kumwamsha aliyelala. Mwoka mikate alishatia sahihi ya kuiuzia nyumba yake kampuni ya maghorofa, akaenda zake. Fundi saa naye akaenda, akaiacha saa yake ya ukutani ikitembea kwenye nyumba tupu. Ilibaki nyumba ya Bi Pindo, na karatasi ya kuiuza ilikuwa mezani chini ya mkasi, ikimsubiri.

Bi Pindo alikuwa mshonaji wa mapazia. Jina walimpa wateja, maana pindo lake halifumuki. Nyumba waliachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake kinyozi. Kinyozi alishatia sahihi. Bila mkono wa dada kwenye karatasi, haiuziki.

"Dada, tunapewa nyumba mpya ghorofa ya tatu," kinyozi akambembeleza. "Bahari utaiona mpaka uichoke."

"Kwani sasa naona nini, mdogo wangu? Ukuta?"

"Sasa unaona kamba ya nguo ya jirani, na jirani mwenyewe kahama!"

Wakacheka wote wawili.

Kusema kweli, moyo wa Bi Pindo ulishaanza kulegea. Yule mtu wa kampuni, waliyemwita Bwana Ramani kwa sababu hatembei bila michoro kwapani, alimpa kazi ya mapazia sita ya chumba cha mfano, kwenye jengo la kwanza lililokamilika. Kitambaa kilikuwa chepesi, rangi ya moshi. Siku nne alikanyaga cherehani, na siku zote nne alijiona yuko juu kule, miguu mitupu kwenye vigae vya baridi, mapazia yakivimba na kunywea kama kifua cha mtoto aliyelala.

Basi yeye akiwa ghorofani kwa mawazo, mikono yake huku chini ikafanya ilivyozoea. Kila pindo ikalitia vijiwe. Mama yao ndiye aliyemfundisha: vijiwe laini vya ufukweni, ukubwa wa punje ya maharage, kila shubiri kimoja, ili upepo wa bahari usirushe pazia likaangusha taa. Mtaa mzima ulishonewa hivyo. Upepo ukivuma, ulivisikia vikigonga ukutani, tk, tk, nyumba hadi nyumba.

Siku ya kutundika akapanda na mdogo wake. Bwana Ramani akashika pindo, akalipima mkononi.

"Mama, humu umeweka nini?"

"Vijiwe, baba. Vya upepo."

"Shukuru hakutia nanga," kinyozi akadakia.

Bwana Ramani akacheka kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. "Upepo gani, mama? Madirisha haya hayafunguki. Ni kioo kizima. Tuna kiyoyozi."

Bi Pindo akasogea kwenye kioo. Bahari ilikuwa palepale, mawimbi yanakuja, yanavunjika, bila sauti hata chembe, kana kwamba yanavunjika katika ndoto ya mtu mwingine. Akasubiri pazia lipumue. Akasubiri sana. Mapazia yake yalisimama wima kama watu waliopangwa kupigwa picha. Chini aliliona paa lao, na dirisha la chumba cha mama, pazia kuukuu likitoka na kuingia, likitoka na kuingia.

"Mdogo wangu, njoo usikilize."

"Nisikilize nini? Mbona kimya?"

"Ndicho hicho. Una wembe?"

Kinyozi hakosi wembe. Bi Pindo akachuchumaa, akafumua mapindo yote sita, vijiwe akavifunga kwenye mtandio. Kisha akatoa sindano akayapinda upya, matupu, nadhifu. Kazi ni kazi.

"Na karatasi, mama?" Bwana Ramani akauliza.

"Kesho nitakurudishia. Mkono wangu hautaingia pale."

Kinyozi akabeba furushi la vijiwe, akanung'unika mpaka nyumbani. Akaketi kwenye kitanda cha mama, bado kanuna. Upepo ukaingia. Tk, tk. Akasikiliza mpaka mabega yakamshuka.

"Lakini kiyoyozi ningekipenda, dada."

"Sogea dirishani," Bi Pindo akasema, huku akitunga uzi.