Presha Haina Zamu

Mzee Mbarouk wa Pujini alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyotaka kumuua.

Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza Bi Mwatima, hapo hapo Pujini, aliyemzalia watoto wanne na kuota mvi pamoja naye. Wa pili Shamima, mjane wa Mkoani aliyemuoa miaka minne iliyopita, naye alikuwa hajafika arubaini. Siku tatu huku, siku tatu kule. Akinunua khanga, hununua doti mbili za rangi moja. Akipata samaki changu wawili walio sawa, mmoja Pujini na mmoja Mkoani. Wasipokuwa sawa huwaacha kwa muuzaji, akatafuta kitu kinachogawika. Wenzake barazani walimcheka mpaka wakachoka. Yeye huwajibu: "Chekeni, yakhe. Siku ya hesabu hamtaulizwa nyinyi, nitaulizwa miye."

Basi Jumatatu moja alikuwa kituo cha afya, mkono umefungwa kitambaa cha kupimia presha, Bi Mwatima kakaa ubavuni. Nesi Shadya alitazama mashine, akangoja kidogo, akapima tena.

"Mia na sabini na nane kwa mia na nne," alisema. "Huu mwezi wa tatu mfululizo, Mzee, na haishuki." Kisha akamgeukia mke. "Mama, unampikia nini huyu?"

Eh! Bi Mwatima alihisi uso unamwaka moto. Anampikia nini? Tangu mwezi wa Mfungo Nne, presha ilipojulikana, nyumba yake haijaingia ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hata mmoja, na Mpemba gani anaishi bila ya ng'onda? Mchuzi anautia ndimu na tangawizi, chumvi anaichukua kwa ncha ya vidole viwili, na yeye mwenyewe anakula hicho hicho, mpaka ulimi umesahau kazi yake. Vespa ameificha ufunguo ili mume aende shamba la karafuu kwa miguu, kama alivyoambiwa. Na kila alfajiri, bwana akitoka kusali, anamkuta mkewe kasimama na gilasi ya maji mkono mmoja na kidonge mkono wa pili. Leo anaulizwa anampikia nini!

"Nipeni hiyo pakiti ya dawa," alisema Shadya. Akavihesabu vidonge. "Nilikupeni thelathini. Leo ni siku ya ishirini na nane, vinatakiwa vibaki viwili. Hapa viko kumi na sita."

"Anameza mbele ya macho yangu!" Bi Mwatima alisema, karibu kulia.

"Na siku ambazo hayupo mbele ya macho yako?"

Mzee Mbarouk akaanza kuvitazama viatu vyake kana kwamba vimenunuliwa leo. Shadya ni mtoto wa Pemba, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mzee," alisema taratibu, "presha haina zamu. Haisemi leo tuko Mkoani, wacha nipumzike. Ukiimeza dawa siku tatu ukaiacha siku tatu, ni sawa na kuzima moto kwa mkono mmoja na kuupepea kwa mkono wa pili. Na mficha maradhi, unajua mwenyewe nani humuumbua."

Walipofika nyumbani Bi Mwatima hakungoja hata kuvua buibui.

"Baba Hija, Shamima hajui kama unaumwa?"

"Nimwambie nini?" Mzee Mbarouk alijibu kwa sauti ndogo. "Yule kijana, Mwatima. Nimwambie aliyemuoa ni mzee wa vidonge? Na watu wanasema dawa hizi humgeuza mume akawa kaka. Nikizitoa pale mbele yake, atanitazama vipi?" Akamshika mkono. "Weye unanijua tangu sina ndevu. Hii iwe siri yangu na yako."

Bi Mwatima angemgombeza. Alikuwa na haki ya kumgombeza, na maneno yalikuwa yameshapanga safu mdomoni. Lakini lile neno lake la mwisho lilimwingia moyoni likawa tamu, na hilo ndilo lililomponza. Mwanamke aliyegawana mume amegawana kila kitu: usiku, samaki, hata rangi ya khanga. Miaka minne hakuwa na chembe ya Mbarouk isiyokuwa na nusu yake Mkoani. Ugonjwa huu haukuwa na nusu. Alimletea yeye, akamlilia yeye, akamwambia yeye peke yake kwamba anaogopa kufa. Astaghfirullahi, mtu anaweza kuupenda ugonjwa wa mumewe? Bi Mwatima aliupenda kidogo, na alijua kwamba aliupenda.

Kwa hivyo akaikubali siri. Siku ya kwenda Mkoani alimfungia vidonge vitatu katika karatasi, akamtilia mfukoni mwa koti, akamwambia ameze kwa siri, msikitini akitaka. Siku tatu zikapita. Mume aliporudi, vidonge vilikuwa mle mle mfukoni.

"Nilisahau," alisema.

Hakusahau. Bi Mwatima alimjua tangu hana ndevu.

Asubuhi ya pili yake walikuwa wanakunywa chai. Kikombe kikamponyoka Mzee Mbarouk, chai ikamwagika kwenye mkeka, naye akabaki kuutazama mkono wake kama si wake. Alitaka kusema neno, mdomo ukaenda upande na likatoka povu la maneno yasiyoeleweka. Bi Mwatima alipiga ukelele ambao jirani zake watausimulia mpaka kesho. Alimshika kichwa akasoma Ayatul Kursiy, akaisoma tena, na alipoifikisha mara ya tatu mdomo wa mumewe ulikuwa umerudi mahala pake, na cha kwanza alichosema ni, "Chai imemwagika."

Hospitali walimlaza siku mbili. Daktari hakuzunguka mbuyu. "Hiki kilikuwa kiharusi kidogo, na kimekupigia hodi," alimwambia. "Kikubwa hakipigi hodi, kinaingia tu. Kila siku dawa, Mzee. Kila siku."

Ungesema sasa akili imemkaa sawa. Ah! Alipotoka hospitali alihesabu kwa vidole, akaona zamu ya Pujini imekwisha.

"Hizi za hospitali zilikuwa zako," alimwambia Bi Mwatima huku akiuliza ufunguo wa vespa. "Za Shamima zinaanza leo. Nisipokwenda nitakuwa nimemdhulumu."

"Vespa huipandi weye! Juzi ulikuwa huwezi kushika kikombe!"

Akenda kwa gari. Bi Mwatima alipoingia chumbani kukunja shuka, akaikuta pakiti ya vidonge chini ya mto. Haikusahauliwa pale; ilifichwa.

Bi Mwatima alikaa kitandani nayo mapajani. Alikuwa na namna moja tu ya kuifikisha Mkoani, nayo ni kuipeleka mwenyewe. Na hilo haliwi. Mke hatii mguu nyumba ya mwenzake katika zamu ya mwenzake. Waliowahi kulifanya hapo Pujini walikwenda na mchi wa kinu, na wakarudi na talaka. Watu wangesema Bi Mwatima uzee umemtia wivu. Lakini maneno ya watu hayakuwa yakimtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba akishampa yule mwanamke pakiti hii, amempa na siri, na akishampa siri hana tena kitu kilicho chake peke yake.

Akaukumbuka mdomo ulivyokwenda upande. Akavaa buibui akatoka.

Nyumba ya Shamima iko juu ya kilima, ukiipa mgongo bandari. Hakuwahi kufika, aliuliza mara mbili. Alimkuta mwenyewe amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na chunguni kunatokota ng'onda, harufu yake imejaa uwanja mzima. Shamima alipoinua kichwa, kifuu kilimdondoka.

"Bi Mkubwa! Kuna msiba?"

"Hakuna. Bado. Yuko wapi?"

"Kenda kusali alasiri." Shamima alikimbilia mkeka akautandika, akaupangusa ilhali ulikuwa safi. "Karibu. Kama nimekukosea, niambie tukiwa wawili, watu wasisikie."

Hapo Bi Mwatima akaona kwamba huyu mwanamke anamwogopa, na likamshangaza, maana yeye miaka yote minne aliona anayeogopa ni yeye. Akakaa. Akaitoa pakiti akaiweka katikati yao, akamwambia yote bila ya kupamba: presha, kikombe, mdomo, siku mbili za hospitali.

"Miye kaniambia ana mafua," Shamima alinong'ona. Akakigeukia chungu. "Na kila akija anataka chumvi. Nikimtilia, anataka tena. Huniambia, kwa Bi Mkubwa chumvi hukolea. Nikawa najiuliza, mbona sijui kupika?"

"Kwangu chumvi hukolea? Mzee muongo yule! Kwangu anakula kama mgonjwa wa surua!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kile hakikufika mbali, kwa sababu Shamima alishaanza kufikiri.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Mfungo Nne."

Shamima akahesabu. "Miezi minane." Macho yakamjaa maji. "Miezi minane, dada, nampikia mume wangu sumu kwa mikono yangu, na weye unajua. Angelinifia hapa juu ya mkeka huu, ungelikuja kunambia nini? Pole?"

Bi Mwatima alikuwa na majibu. Mume mwenyewe alikataa, si kazi yangu kusema, nimeapishwa. Yote yalikuwa kweli na hata moja halikuwa jibu. Akainama.

"Nilitaka niwe na kitu chake kisichokuwa na nusu," alisema. "Nikapata hicho tu. Nisamehe, Shamima."

Shamima alilia kwanza, machozi ya hasira, akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akasema kitu ambacho Bi Mwatima hakukitarajia: "Na miye nilikuwa nikikuonea wivu kwa chumvi."

Mzee Mbarouk aliwakuta hivyo hivyo. Aliingia na tasbihi mkononi, akawaona wake zake wawili mkeka mmoja, pakiti ya vidonge katikati, akarudi nyuma hatua mbili. Wanaume wa barazani wanasimulia kwamba kuna vitisho vitatu duniani. Hiki nadhani hawajakihesabu.

"Ingia, bwana," alisema Shamima. "Leo umemeza dawa?"

"Dawa gani?"

"Mbarouk!" wakasema wote kwa pamoja.

Akaingia. Shamima akamletea maji. Akatoa kidonge kimoja kwenye pakiti, akakiweka kwenye kiganja chake mwenyewe, akamnyooshea mumewe. Mzee Mbarouk alikitazama kile kiganja, akamtazama usoni, akitafuta ile dharau aliyoiogopa miezi minane. Hakuikuta.

"Miye nilishazika mume mmoja," Shamima alimwambia. "Niliolewa nawe kwa uhai wako, si kwa ujana wako."

Akameza. Machozi yalimtoka mzee wa watu akasingizia kidonge kichungu.

Bi Mwatima alitazama. Kwa miezi minane kiganja kile kilikuwa ni chake, na moyo ulimuuma, wacha tusidanganyane, ulimuuma sana. Lakini alibaki pale mpaka akamwelekeza mwenzake kila kitu: kimoja kila alfajiri, asizidishe hata akisahau, chumvi kidogo, ndimu kwa wingi, na asubuhi atembee mpaka atoke jasho hata akinung'unika vipi. Wakagawana pakiti, nusu ibaki Mkoani na nusu irudi Pujini. Ng'onda akapewa jirani, chungu na vyote. Shamima alimshikilia ale, naye akakataa. Ilikuwa si zamu yake, na gari la mwisho halingojei mtu.

Alfajiri ya pili yake Bi Mwatima alisali peke yake. Hakuwa na gilasi ya kushika wala mtu wa kumsimamia. Alikuwa bado juu ya msala simu ilipolia, akaidaka upesi, kwani simu ya saa zile haileti habari njema.

"Dada, keshameza," ilisema sauti ya Shamima. "Nimemwambia afunue kinywa, nikatazama mpaka chini ya ulimi. Sasa anavaa viatu akatembee, ananuna."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwatima.

"Yuko hapa mlangoni. Nikupe useme naye?"

Miaka minne hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Muache aende," alisema Bi Mwatima. "Weye je, mwenzangu, umelala?"