Paa la Kuridhisha Ukoo

Mume wangu ni mtu mwema, na hilo ndilo tatizo lake. Hataki kumuudhi mtu yeyote duniani isipokuwa mimi.

Chumba tulichokuwa tunaezeka kilikuwa cha mama yangu. Mama alikuwa anaishi kwa kaka, na mke wa kaka alishamchoka waziwazi, mpaka kikombe chake kikawa kinaoshwa peke yake. Nikasema basi, aje kwangu. Tukajenga chumba uani, paa la mteremko mmoja, dirisha linalotazama jikoni ili aniite bila kunyanyuka, maana magoti yake yamegoma. Kilichobaki ni mabati tu.

Lakini kwetu kununua mabati ni siasa. Baba mdogo wa mume wangu ana karakana mtaa wa nyuma, na mashine ya kukunja mabati. Unampelekea vipimo, anakukatia urefu unaoutaka huku umesimama, na bati likiwa na kasoro unajua mlango wa kugonga. Upande mwingine yuko shemeji, mume wa wifi yangu, muuzaji kwenye duka kubwa lile lenye milango inayofunguka yenyewe. Tunamwita Ofa, kwa sababu hata msibani atakunong'oneza kwamba wiki hii kuna ofa. Mabati yake yanang'aa, yana karatasi ya dhamana, na gari linakuletea mpaka mlangoni. Ila urefu ni ule walioupanga wao, na ukipata shida unapewa namba ya simu inayokupigia muziki.

Nilikwenda kote kuwili. Nikashika, nikagonga, nikajaribu kukunja kona kwa kidole.

"Baba watoto," nikamwambia mume wangu, "yote yanafaa. Chukua ya baba mdogo au chukua ya Ofa, mradi yawe ya mtu mmoja."

"Sawa, mke wangu," akajibu. Hiyo "sawa" yake ndiyo iliyonizeesha.

Ijumaa nilikwenda kumchukua mama. Tulirudi mchana, yeye kaniegemea bega, mimi na mabegi yake. Nikainua macho. Nusu ya paa ilikuwa kahawia, nusu nyekundu. Nikaingia ndani, nikaona mwanya wa mwanga umepita katikati ya paa tangu ukuta mpaka ukuta, sawasawa juu ya kitanda.

"Fundi, hiki ni nini?"

Fundi alishuka ngazi taratibu, kama mtu anayejua hayamhusu. "Mama, migongo ya mabati haifanani. Ya karakana imebanana, ya dukani imeachana. Hayalaliani. Ukiyapandisha, moja linainuka. Nilimwambia bosi tangu asubuhi."

"Akasemaje?"

"Akasema nianze pembe zote mbili, nije nikutane katikati, asije mtu akasema ya mwenzake yametangulia."

Damu ilinipanda kichwani. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, anatabasamu lile tabasamu lake la kuomba radhi kabla ya kosa kutajwa.

"Nusu kwa nusu, mke wangu. Ili pasiwe na maneno."

Maneno yakaja yenyewe, kwa miguu. Baba mdogo alifika wa kwanza, akatazama juu, akasonya. "Hilo jekundu lishuke. Likishuka tu, nawasha mashine, nawakatia yaliyobaki sasa hivi."

"Shikamoo, baba mdogo," akasema Ofa kutoka nyuma yake, na shati lake la dukani. "Lakini ya kwangu yana dhamana. Shemeji, toeni hayo ya kahawia, leo leo nawaletea mengine. Tena kuna ofa."

"Ofa ikafie mbele!" nikasema.

Wakaanza kubishana. Bati la nani jembamba, rangi ya nani inababuka, nani aliyesaidia harusi ya nani. Wingu lilikuwa limeshatanda. Mama alikaa kwenye kiti kibarazani, begi mapajani, akimsikiliza kila anayesema kwa adabu kama mgeni. Hakuna aliyemuuliza chochote.

"Amua," nikamwambia mume wangu. "Fundi yupo, mashine ipo, duka lipo wazi. Toa ya mmoja."

"Tusiharakishe. Jumapili tuite kikao, wazee wakae, tuelewane vizuri."

"Na mama yangu?"

"Mama ataelewa. Tutamsogezea kitanda ukutani, tuweke na turubai."

Mama akasema, "Hata huko nilikotoka nilikuwa nasogezwa. Si neno, baba."

Nilimshika mama mkono, nikampeleka chumbani kwetu, nikamlaza kwenye kitanda chetu. Kisha nikakusanya shuka za mume wangu, mto wake, mashati yake ya kazini na redio yake, nikavibwaga kwenye kitanda kilichokuwa chini ya ule mwanya. Fundi alitazama pembeni. Baba mdogo na Ofa wakasogea mlangoni kuchungulia.

"Chumba ni chako," nikamwambia. "Subiri kikao humo."

Akacheka, akidhani natania. Mvua ikaanza kudondoka, matone mazito, moja moja. Akaingia mbio kuokoa redio. Hata hajaifikia, maji yakamlowesha kichwa, akapiga kelele humo humo ndani:

"Fundi! Panda! Shusha hayo mekundu yote! Shemeji, utanisamehe! Baba mdogo, kawashe mashine, haraka!"

Hakuita mzee. Hakusubiri Jumapili. Hata kumtazama Ofa usoni hakumtazama. Kumbe kuamua anajua, tena kwa sauti, na ukoo wote ukamsikia.

Nilirudi chumbani, nikakaa pembeni ya kitanda. Mama aliniuliza mbona nalia, na paa sasa linarekebishwa.

"Ni hasira, mama," nikamwambia, na ilikuwa hasira kweli.