Mtani Kateka Mwiko

Kama hujala pilau ya Hamisa wa Kunduchi Mtongani, usiseme umekula pilau. Sema umekula wali wenye rangi. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, bila haya, na hakuna aliyembishia, maana waliomsikia walikuwa wameshakula. Kuanzia Mtongani mpaka Boko, mwenye shughuli yake ya heshima hakupanga tarehe kabla hajamtuma mtu akaulize, Hamisa ana nafasi?

Na alikuwa na sheria zake za jikoni. Akishashika mwiko, hauachi mpaka sufuria lifunikwe na makaa yapaliwe juu. Hakai, hapokezani na mtu, haendi chooni. Na kwa kuwa haendi chooni, hanywi maji. Mpishi gani huyo anayeacha kitunguu kinaungua akachutame kwenye choo cha watu? Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na miaka yote hiyo alisimama mbele ya moto koo limemkauka, akaona ndiyo fahari ya kazi.

Mwili ulimvumilia, ukamvumilia, halafu ukakataa. Maumivu yalianzia ubavuni yakashuka hadi kwenye kinena. Yakija, jamani, mama aliyezaa watoto watano bila kupiga ukelele alikuwa anagaragara sakafuni na kutapika. Siku mkojo ulipotoka na damu, binti yake wa mwisho, Raudha, hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpakia mama yake kwenye bajaji mpaka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole aitwaye Lusungu. Akatazama picha, akasema kuna jiwe limekwama kwenye mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, na figo ya kulia imeanza kuvimba. "Likiendelea kukaa hapo, mama, figo itakufa. Tutalitoa Alhamisi." Akaeleza na mengine mengi, ila Hamisa hakuyasikia. Alisikia "chumba cha upasuaji" tu, masikio yakaziba.

Saa ya kuona wagonjwa wakaja ndugu, na dada yake Mwanaasha akamwinamia sikioni. "Watakupasua hao. Figo ikishaguswa, mwanamke hashiki tena kazi ya nguvu. Na harusi ya Raudha je? Mwanao apikiwe na watu baki?"

Hapo ndipo penyewe. Raudha alikuwa anaolewa baada ya mwezi na nusu, na Hamisa alikuwa ameapa mbele ya wakwe kwamba pilau ya mwanawe ataipika kwa mkono wake. Basi akavaa baibui la dada yake juu ya nguo za wodini, wakatoka getini katikati ya wageni, polepole, kama watu waliotoka kumjulia mtu hali. Mlinzi akawaambia, "Poleni na mgonjwa." Wakaitika, "Tushapoa, baba." Makubwa haya!

Aliyekikuta kitanda kitupu ni nesi wa wodi ile, Auleria, ambaye pia ni jirani yake Hamisa, ukuta kwa ukuta. Auleria ni Mnyamwezi wa Tabora. Hamisa ni Mzaramo. Nani asiyejua kwamba hao ni watani tangu enzi za mababu? Kila asubuhi matusi yao ya mapenzi yalivuka ukuta kabla ya jua. "Nyie mlifika pwani na meno ya ndovu mabegani," Hamisa alikuwa akianza, "mkaonja bahari mkadhani supu, mkasema imezidi chumvi!" Naye Auleria anajibu, "Tukawakuta nyie mmelala, ngoma ndiyo iliyowaamsha."

Lakini utani si kicheko tu. Mtani ana haki ambayo ndugu hana. Anaweza kukuambia neno ambalo ndugu angelimeza, anaweza kuteka kitu chako mbele za watu akakaa nacho mpaka ukikomboe, na ukikasirika, aibu ni yako. Auleria alijua haki yake. Hakwenda kugombana na mtu. Alingoja Jumamosi, maana alijua Hamisa ana shughuli Boko.

Siku hiyo Hamisa alisimama mbele ya sufuria akiwa amejifunga kanga mbili tumboni kuzuia maumivu. Kitunguu kilikuwa kinaanza kugeuka rangi. Jasho lilimtoka, na halikuwa la moto. Alijiambia, kaza moyo, mwanamke, ndugu zako wote wamekuona mzima. Mara akaona mkono unapita mbele yake, unaudaka mwiko.

"Nimeteka!" Auleria akapiga kelele, mwiko juu, kitenge kinapepea. "Wazaramo nyie, mwiko wenu nimeuteka! Mwenye mali aje akomboe!"

Wanawake wakaangua kicheko na vigelegele. Hamisa naye akajilazimisha kucheka. "Haya, Mnyamwezi, utaunguza chakula cha watu. Unataka nini, kanga? Kuku?"

"Sitaki kanga, sitaki kuku." Auleria akashusha sauti, ila wote waliokuwa karibu walisikia. "Nataka jiwe."

"Jiwe gani?"

"Unalijua ulipoliweka. Uliondoka nalo wodini. Hilo ndilo komboleo langu, na bila hilo hushiki mwiko huu, si hapa, si kwenye harusi ya Raudha."

Hasira zilimpanda Hamisa mpaka kichwani. Kuumbuliwa jikoni kwake! Alinyoosha mkono aunyakue mwiko, na hapo hapo maumivu yakamchoma, yakamkunja, akaanguka magoti mbele ya sufuria lake mwenyewe na kutapika. Kicheko kikafa. Pilau ya Boko ilimaliziwa na mtu mwingine kwa mwiko wa kuazima, na Hamisa akarudishwa nyumbani analia, si kwa maumivu peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua; yeye alikuwa ameumbuliwa kabla ya kifo, na hakuiona hiyo kuwa bahati.

Kesho yake Auleria akaja, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Mtani, una jiwe na una maswali. Toa maswali kwanza."

Swali likamtoka Hamisa. "Mtanipasua wapi?"

"Hupasuliwi popote. Lusungu alikueleza, wewe ukawa unasikiliza dada yako. Jiwe dogo tungekupa dawa ya maumivu, tukakuambia unywe maji, ungelikojoa mwenyewe. Lako limezidi, limekwama. Iko mashine inayopiga mawimbi kutoka nje ya mwili mpaka jiwe linapasuka, lakini lako gumu na limeshuka chini, daktari anaona mashine itakusumbua, huenda ukarudia na kurudia. Wenye jiwe kubwa ndani ya figo yenyewe ndio wanaotobolewa katundu mgongoni. Wewe wanapitisha kamera nyembamba, wanalifuata, wanalisaga kwa mwanga wa leza."

"Wanaipitisha wapi hiyo kamera?"

"Kule kule jiwe lilikotaka kutokea."

Hamisa akauvuta mtandio mpaka usoni. Jambo hilo asingemuuliza dada yake, asingemuuliza Raudha, na Lusungu ndiyo kabisa, kijana wa kumzaa. Lakini kwa mtani mtu haoni haya. "Nitalala hivyo mbele ya wanaume?"

"Utafunikwa mashuka mpaka ujione maiti wa kitajiri. Wao wanatazama runinga, na kwenye runinga kuna jiwe tu. Unadhani wewe ni mrembo kiasi gani?"

"Koma! Na sindano ya mgongo? Wanasema inalemaza."

"Mie nilichomwa nilipomzaa mwanangu Hope. Juzi ulimkimbiza nani na ufagio ukashindwa kumkamata?"

Hamisa akacheka bila kutaka. Akauliza na lile kubwa, polepole. "Na mwiko nitaushika tena?"

"Utawekewa kamrija kadogo ndani, kakae kama wiki mbili, figo ipumue. Utasikia haja ndogo kila saa, utaona damu kidogo, usipige kelele. Kakitolewa, utaushika mwiko. Masufuria hunyanyui, lakini lini uliwahi kunyanyua? Si wanabeba vijana?"

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, nitakuja kukuzika," Auleria akasema. "Na kwa kuwa mie mtani wako, nitashuka kaburini nilale humo, niwaambie Wazaramo huyu haingii mpaka mnilipe."

Watani ndivyo wanavyofanya misibani, kila mtu anajua. Hamisa akacheka sana, akajipiga paja. Halafu akaona Auleria hacheki. Alikuwa anatazama mkeka tu. Hamisa akaogopa kweli sasa, lakini hofu ilikuwa imegeuka upande. Hakuogopa tena hospitali.

"Utakuwepo chumbani?" akauliza.

"Nitaomba ruhusa nisimame kichwani kwako. Nani atakosa kumwona Mzaramo anaogopa?"

"Hutamwona," Hamisa akasema.

Na hakumwona. Siku ya siku ilipofika, Hamisa aliingia kwenye kile chumba chenye baridi shingo imesimama. Akajikunja kama walivyomwelekeza, sindano ikaingia, ikamuuma kama siafu mmoja, basi. Miguu ikafa ganzi huku akili iko macho. Auleria akasimama kichwani, barakoa usoni, wakaanza.

"Mtani, miguu ipo?"

"Ipo, imelala kama mume wako siku za kazi."

Wote chumbani wakashindwa kujizuia. "Mama," Lusungu akasema, mabega yake yanatikisika, "naomba utani upumzike kidogo. Nikicheka mkono unacheza."

Wakamgeuzia runinga aone. Akaona njia nyembamba ya rangi ya waridi, safi, inang'aa, na mwisho wake kitu cha manjano chenye miba miba. "Ndilo hilo?" Hamisa akashangaa. "Kashenzi kadogo hivyo ndiko kalikonitoa machozi Boko?" Leza ikaanza kudonoa, tak, tak, tak, na kila inapodonoa vumbi linaruka. Hamisa hakupepesa macho. Alilitazama jiwe lake likiliwa mpaka likabaki chenga chenga, akajisikia mkubwa, mkubwa kuliko siku ya pilau yoyote. Maji yaliyokuwa yamezuiwa yakafunguka. Lusungu akashusha pumzi ndefu. "Figo hii tumeiwahi, mama. Itarudi."

"Alhamdulillah," Hamisa akasema kwa sauti, na kila mtu chumbani, Muislamu na Mkristo, akaitikia kwa namna yake.

Chenga walizomtoa Hamisa alizitia kwenye kichupa, akamkabidhi Auleria mbele ya mtaa mzima, na mwiko ukarudi kwa vigelegele. Mrija ulipotolewa, Lusungu akamkanya jambo moja: anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe kama maji ya dafu, kazini na nyumbani. Hamisa alikereka, kisha akatii. Kwenye pilau ya Raudha alikaa kwenye kiti, ndoo ya maji pembeni, na kila aliposikia haja alimpa mwiko Mwanaasha, akaenda zake chooni kwa mwendo wa madaha huku watu wakimtazama midomo wazi. Kitunguu hakikuungua. Pilau ile ililiwa, ikaulizwa, ikatafutwa mpaka ukoko.

Ukumbini, usiku wa harusi ukiwa bado mchanga, mshereheshaji akaita mama wa bibi harusi na ndugu zake waje mbele watunzwe. Mwanaasha akasimama, na mashangazi wakasimama. Hamisa hakwenda mbele. Alikwenda nyuma, kwenye meza za majirani, akamshika Auleria mkono na kumvuta.

"Dada," Mwanaasha akanong'ona, "wameita ndugu."

Hamisa akakichukua kipaza sauti. "Ndugu zangu nawapenda. Nilipougua, walinivalisha baibui, tukatoroka hospitali kama wezi wa kuku." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, Mwanaasha akaficha uso. "Huyu Mnyamwezi hana tone la damu yangu. Alinifuata jikoni akaniaibisha, akaja kwangu akanisema, akasimama kichwani kwangu mpaka jiwe likaisha. Leo ninamwoza mwanangu niko hai kwa sababu yake. Mnaita ndugu yangu? Ndiye huyu. Mtunzeni yeye kwanza."

Vigelegele vilipaa, na noti zikaanza kumwagika juu ya Auleria. Naye, mwenye mdomo wa kujibu kila neno tangu ahamie Mtongani, aligeuza uso ukutani, akawa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Hamisa akamgeuza kwa mabega yote mawili. "Simama vizuri, mtani," akamwambia. "Tunapigwa picha."